Maldivi: Kabla hujalipia vila ya juu ya maji, kiangalie kisiwa chenyewe

Swali: Mimi na mume wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa. Tumedunduliza, na tunataka kwenda Maldivi kulala usiku tano kwenye zile vila za juu ya maji. Mume wangu anapata likizo mwezi wa Aprili. Mimi sijui kuogelea. Sisi ni Waislamu, hatunywi pombe, na tuna mtoto wa miaka minne. Mtandaoni naona bei ya dola 800 kwa usiku. Ndiyo bei yenyewe? Na je, vila hizo zina thamani ya pesa hiyo au ni za kupigia picha tu? (Msomaji, Dar es Salaam)

Dada yangu, hongereni sana kwa miaka kumi. Naanza na jibu lenyewe: thamani ipo, lakini si kwa usiku zote tano. Laleni tatu za mwanzo kwenye vila ya ufukweni, mbili za mwisho juu ya maji, kisiwa hichohicho. Na kisiwa chenyewe kichagueni kabla ya chumba. Kazi yangu ni kupangia watu safari za visiwani, na wakirudi na malalamiko ni nadra yawe juu ya kitanda au bafu. Wanalalamika kwamba chini ya vila hapakuwa na hata samaki mmoja, kwamba upepo ulivuma usiku kucha, kwamba bili ya mwisho ilikuwa karibu maradufu ya waliyoitarajia. Yote hayo yangeweza kujulikana kabla ya kulipa.

Wewe ni mtu wa Dar, unajua bahari inavyopwa Kunduchi mpaka ngalawa zinalala mchangani. Pwani yetu, wakati wa bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita nne. Ukijenga vila juu ya maji ya namna hiyo, kutwa nzima mgeni atakuwa mara juu ya bahari, mara juu ya tope na majani ya bahari. Maldivi tofauti hiyo haizidi sana mita moja, mara nyingi haifiki hapo. Kisha kisiwa kimezungukwa na mwamba wa matumbawe unaoyavunja mawimbi kabla hayajafika ndani. Kati ya mwamba na kisiwa maji hubaki yametulia na kina chake ni kidogo, na humo ndimo nguzo za vila zinamosimikwa. Kwetu waliotaka kitu cha aina hiyo walilazimika kutafuta njia nyingine: Pemba, kaskazini-magharibi, tangu 2013 kuna chumba cha hoteli ya Manta kinachoelea, kinapanda na kushuka na maji, na kitanda chake kiko chini ya uso wa bahari.

Wazo la vila hizi halikuzaliwa Maldivi. Lilianza 1967 kisiwani Raiatea, Polinesia ya Kifaransa, ambako Wamarekani watatu wenye hoteli walikuwa na bahari nzuri lakini hawana ufukwe wa mchanga. Wakaona bora wajenge vyumba juu ya nguzo, mgeni ashuke ngazi moja kwa moja hadi majini. Maldivi, ambako hoteli ya kwanza ya kitalii ilifunguliwa 1972, waliliiga wazo hilo baadaye, ingawa wao ufukwe wanao, mweupe na laini. Nakueleza haya kwa sababu ndiyo hoja yangu ya kugawa siku: ukilala usiku zote tano juu ya maji, unalipia zaidi ili ukae mbali na kitu kizuri kuliko vyote ambacho kisiwa kinacho.

Maisha ya vilani yenyewe yana raha yake, sitaki kukuvunja moyo. Unaamka, unafungua mlango, bahari iko hapo. Papa wachanga wenye ncha nyeusi, wasio na madhara kwa mtu, wanapita chini ya ngazi asubuhi. Taa, wale samaki bapa, wanatelezesha mabawa juu ya mchanga. Jioni, jua likizama, hakuna mtu mbele yenu. Lakini saa saba mchana baraza la mbao halikaliki, kwa sababu hakuna mti wa kuweka kivuli. Kwenda kula ni kutembea daraja refu juani au kusubiri kigari cha umeme. Usiku maji yanapiga nguzo chini ya kitanda. Wapo wanaobembelezwa na sauti hiyo, wapo wasiopata usingizi. Vila ya ufukweni ina miti, ina kivuli, ina mchanga mlangoni, na kwa asiyejua kuogelea ndiyo mahali pa kuizoea bahari taratibu, hatua kwa hatua. Ndiyo maana nataka muanzie hapo. Mkifika siku ya nne kwenye vila ya maji, utakuwa umeshaizoea bahari ile na hutaiogopa ngazi.

Sasa hilo la kutojua kuogelea, maana ndilo linalonihangaisha zaidi kwenye barua yako. Vila za maji hazikai mahali pamoja. Nyingine zimejengwa ndani, juu ya mchanga mweupe, maji ya kiuno au kifua. Hizo ndizo zenye ile rangi ya buluu ya picha, lakini samaki ni wachache kwa sababu hawana matumbawe ya kujificha wala ya kula. Nyingine ziko ukingoni mwa mwamba, ambako samaki ni tele na kasa hupita, lakini hatua chache mbele ya ngazi bahari inatumbukia kwenda kina kirefu, na karibu na mlango wa maji, yaani mwanya kwenye mwamba, kuna mkondo unaoweza kumbeba hata mwogeleaji mzuri. Hoteli moja inaweza kuwa na vila za aina zote mbili kwenye daraja lilelile. Kwa hiyo usiulize "maji ni salama?" maana watakujibu ndiyo. Uliza: kwenye vila namba hii, kina cha maji chini ya ngazi ni mita ngapi maji yakijaa, na mita ngapi yakipwa? Je, sakafu ya bahari ni mchanga au matumbawe? Mkondo ukoje upande huo? Wewe chukua vila ya ndani, ya mchanga. Samaki mtawafuata kwa miguu: chagueni kisiwa ambacho mwamba wake unafikika kutoka ufukweni, kwa sababu kuna visiwa ambavyo mwamba uko mbali na kila unapotaka kuona samaki unalipia boti. Hoteli zitakupa jaketi la kuokolea, miwani na mrija wa kupumulia, na mwalimu wa bahari anaweza kukushika mkono mara ya kwanza. Na kwa kuwa Aprili bado iko mbele, tafuta mwalimu wa kuogelea hapo Dar. Masomo machache tu ya kuelea na kupumua yatakupa faida kubwa kuliko kupandishwa daraja la chumba.

Kuhusu Aprili yenyewe. Majira ya bahari ile yanaendeshwa na pepo zilezile zinazoendesha yetu. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hadi Machi au Aprili, Maldivi ni kukavu na bahari ni shwari. Kusi ikishika, kuanzia Mei hadi Oktoba, mvua na mawimbi huongezeka. Aprili ni tanga mbili, kipindi cha kati ya pepo hizo: joto kali, bahari mara nyingi imelala, na kadiri mwezi unavyokwisha ndivyo mvua zinavyokaribia. Nyumbani masika itakuwa imepamba moto, nanyi mtakuwa kwenye jua, kwa hiyo mwezi huo hauna ubaya. Wiki mbili za kwanza ni bora kwa hali ya hewa. Angalieni Pasaka tu, kwa sababu wageni kutoka Ulaya hujazana siku hizo na bei hupanda. Ikiangukia mwanzoni mwa Aprili, sogezeni safari ipite.

Upepo huohuo ndio wa kuutazama mnapochagua upande wa daraja. Hoteli huuza vila za machweo kwa bei ya juu kuliko za macheo. Machweo yako magharibi, na magharibi ndiko upepo na mawimbi ya kusi yanakotokea. Anayekwenda Julai na kulipia zaidi vila ya machweo anaweza kulipia upande wenye fujo. Mwanzoni mwa Aprili hamna shida hiyo, ila kama likizo ya shemeji ikisogezwa hadi Juni au baadaye, chukueni upande wa macheo, tena ni nafuu. Na mkienda miezi hiyo, fikirieni visiwa vya Baa, ambako ghuba ya Hanifaru hukusanya taa wakubwa wa manta wakati wa kusi, kati ya Juni na Novemba hivi. Baa ni hifadhi ya viumbe inayotambuliwa na UNESCO tangu 2011, na Hanifaru watu huogelea juujuu tu. Kuzamia na mitungi ya hewa ni marufuku.

Tuje kwenye bei. Dola 800 uliyoiona, tazama pembeni yake kama kuna alama mbili za kujumlisha, ++. Zikiwepo, hiyo si bei utakayolipa. Kwanza inaongezwa asilimia 10 ya huduma, inakuwa 880. Juu ya 880 inawekwa kodi ya utalii ya asilimia 17, kiwango kilichoanza Julai 2025. Hapo unafika 1,029.60. Kisha kodi ya kijani, dola 12 kwa kila mtu kwa kila usiku kwenye visiwa vya hoteli tangu Januari 2025. Nyinyi wawili ni 24 (mtoto nitamjia mbele). Jumla 1,053.60 kwa usiku mmoja, 5,268 kwa tano, na hamjala wala hamjafika kisiwani.

Tuseme vila ya ufukweni kwenye kisiwa hichohicho ni dola 500. Kwa hesabu ileile inakuwa 667.50. Usiku tatu huko ni 2,002.50, mbili za majini ni 2,107.20, jumla 4,109.70. Mmeokoa dola 1,158.30, na pesa hiyo ndiyo inayoweza kuwalipia ndege ya majini nyote wawili kwenda na kurudi. Hizi 500 ni za mfano tu, weka bei utakayopewa, lakini ifuate hesabu hiyohiyo.

Nimeitaja ndege ya majini kwa sababu usafiri wa kutoka uwanja wa ndege wa Velana, karibu na mji mkuu Malé, hadi kisiwani ndio unaowashtua wengi. Visiwa vya karibu na Malé mnafika kwa boti ya kasi. Vya mbali ni kwa ndege ndogo inayotua juu ya maji, na nauli yake ya kwenda na kurudi ni mamia ya dola kwa kila mtu. Ni safari nzuri mno: mnaruka chini, mnaviona visiwa vyote kama pete za buluu, na rubani kwa kawaida yuko pekupeku. Lakini ndege hizo haziruki gizani. Ndege yenu kubwa, ambayo kutoka Dar itapitia Doha au Dubai, inatakiwa itue Malé kabla ya saa tisa na nusu alasiri hivi, kwa saa za huko, ambazo ziko mbele ya zetu kwa saa mbili. Mkichelewa mtalala Hulhumalé, kisiwa jirani na uwanja, kwa gharama yenu, huku usiku wa kwanza wa vila ukiwa umeshalipiwa. Wakati wa kurudi ni vilevile: ndege ya kimataifa ya alfajiri inamaanisha kuondoka kisiwani jana yake. Mizigo ni kilo 20 na ya mkononi kilo 5, ziada inalipiwa. Kwa usiku tano tu, mimi ningechagua kisiwa cha boti, chini ya saa moja kutoka uwanjani, ili nisipoteze siku nzima mbili kusubiri. Fungeni mkataba wa chumba baada ya kuona ratiba ya ndege, si kabla.

Chakula: kisiwa kizima ni hoteli moja, hakuna duka wala mgahawa wa jirani, kwa hiyo mpango wa chakula ni sehemu ya bei ya chumba hata kama hawakuambii hivyo. Ule mpango unaojumuisha kila kitu umebeba gharama ya pombe, na nyinyi hamnywi. Mtakuwa mnawalipia wengine. Chukueni wa milo mitatu, au wa asubuhi na usiku kama ni watu wa kula kidogo mchana. Ulizeni waziwazi kama maji ya kunywa, chai na juisi vimo, na muombe punguzo au mpango usio na pombe, kwani baadhi ya hoteli huwa nao. Asubuhi, ukipita meza ya mayai na mikate, ulizia mas huni. Ni jodari aliyechambuliwa akachanganywa na nazi iliyokunwa, kitunguu, pilipili na ndimu, analiwa na chapati nyembamba wanayoiita roshi. Mtu wa Pwani hataona ugeni hapo.

Maldivi ni nchi ya Kiislamu, kwa hiyo msije mkadhani mnakwenda mahali ambapo itabidi mjieleze. Pombe ni marufuku kuingiza nchini na haiuzwi visiwa wanavyoishi wenyeji. Inaruhusiwa hotelini kwa wageni tu. Baadhi ya hoteli hupika nguruwe, kwa hiyo mwambie mpishi tangu siku ya kwanza mnavyokula. Kibla huko ni magharibi, kuelekea kaskazini kidogo, wakati nyinyi Dar mmezoea kaskazini. Visiwa vingi vya hoteli vina msikiti wa wafanyakazi, na shemeji akiuliza mapokezi ataelekezwa kwa ajili ya Ijumaa. Vazi lako la kuogelea la stara halitamshangaza mtu. Ukitaka faragha zaidi, vila nyingine zina kidimbwi cha kuogelea ndani ya uzio, lakini za ufukweni hufichwa na miti vizuri kuliko za majini, ambako boti inayopita inaona baraza lote.

Mtoto. Hoteli nyingi haziruhusu watoto wadogo kwenye vila za maji, na zinazoruhusu huwataka wazazi watie saini kwamba jukumu ni lao. Wana haki. Baraza halina ukuta, ngazi iko wazi, na mtoto wa miaka minne hawezi kuachwa hata dakika ya kufunga buibui. Ungeniuliza kama ndugu yako, ningesema mwacheni kwa bibi yake mara hii. Safari ni ya ndoa yenu. Kama moyo unakataa, mchukueni na mlale usiku zote ufukweni, kisha vila ya maji ingojee miaka mingine.

Na kama hesabu zikizidi uwezo, msikope. Tangu 2009 nyumba za wageni zinaruhusiwa kwenye visiwa vya wenyeji, kwa bei ambayo ni sehemu ndogo ya hizi. Dhigurah, kwa mfano, kiko kusini mwa visiwa vya Ari, ambako papa potwe huonekana mwaka mzima, na mchanga wake hauna cha kuonea wivu hoteli. Laleni hapo siku tatu, kisha usiku mbili tu hotelini juu ya maji. Mtakutana na watu wenyewe pia, jambo ambalo kisiwa cha hoteli hakikupi. Ni watu ambao bahari iliwaunganisha na sisi zamani sana: Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Mombasa na Kilwa mnamo 1331 alikuja kuwa kadhi Maldivi miaka kadhaa baadaye, na kauri, yale makombe madogo ya bahari, za visiwa vile zilikuwa fedha katika sehemu kubwa za Afrika kwa karne nyingi. Kauri na matumbawe mtakayoyaona, yaacheni palepale, maana matumbawe na magamba ya kasa hayaruhusiwi kutolewa nchini. Msikanyage matumbawe pia. Yaliungua vibaya bahari ilipopata joto 1998 na tena 2016, na yaliyobaki hai ndiyo yanayozuia mawimbi yasivifikie visiwa ambavyo vingi havizidi mita moja au mbili kutoka usawa wa bahari.

Makaratasi ni mepesi. Viza mnapewa mkifika, bure, siku 30, mkiwa na tiketi ya kurudi na uthibitisho wa hoteli. Fomu ya mtandaoni ya kuingia nchini, IMUGA, inajazwa ndani ya saa 96 kabla ya kusafiri na haina malipo, kwa hiyo tovuti yoyote inayowadai pesa kwa fomu hiyo, ikimbieni. Bebeni kadi za manjano zenye chanjo ya homa ya manjano. Mkichanja sasa, kumbukeni hutambulika baada ya siku 10.

Wiki hii iandikie hoteli mnayoipenda barua pepe moja, uulize haya tu: jumla ya mwisho kwa watu wawili pamoja na kodi zote na usafiri, kwa usiku tatu ufukweni na mbili majini, kina cha maji chini ya ngazi ya vila watakayowapa, mwamba uko umbali gani kutoka ufukweni, na siku ya kuhama chumba mtakaa wapi kati ya kutoka asubuhi na kuingia alasiri, maana saa hizo huwa tatu au nne na mizigo inabebwa na wao. Iandikie hoteli ya pili na ya tatu maneno yaleyale, ulinganishe. Na amana isiyorudishwa usiilipe mpaka likizo ya shemeji iwe imesainiwa na mwajiri wake.